Anwani za intaneti: Kiswahili kinapita, Lingala inajikwaa, Mandombe inabaki mlangoni

Mwaka huu wa 2026, ICANN, shirika linalosimamia majina ya anwani za intaneti duniani, linapokea tena maombi ya vikoa vipya, yaani vile vinavyokaa mwisho wa anwani kama .com au .org. Mara ya mwisho ilikuwa 2012. Maombi ya maandishi mengine, kama Kiarabu au Kichina, nayo yanakaribishwa. Lugha za Kongo zina nafasi gani hapo?

Kwa mkaaji wa Goma au Bukavu, jambo hili linaweza kuonekana la mbali. Kiswahili kinaandikwa kwa herufi za kawaida, na intaneti tangu mwanzo ilikubali herufi a hadi z, tarakimu na kistari. Anwani ya Kiswahili kwa kawaida haina shida.

Lingala ni tofauti. Katika maandishi yake kamili kuna herufi ɛ na ɔ, na zinabeba maana: «moto» ni mtu, «mɔtɔ» ni moto. Kwenye anwani za kawaida maneno hayo mawili yanakuwa kitu kimoja.

Njia ya kutoka hapo ipo tangu 2003. Herufi ngeni zinageuzwa kuwa mfululizo wa herufi za kawaida unaoanza na xn--. Mtu anaona .рф ya Urusi, lakini mashine inasoma xn--p1ai. Mwezi wa Mei 2010, Misri, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu zilikuwa za kwanza kupata vikoa vya nchi kwa maandishi ya Kiarabu.

Lakini si kila herufi inaingia. Sharti la kwanza: maandishi yawe tayari ndani ya Unicode, orodha ya dunia inayoipa kila herufi namba yake. Hapo ndipo Mandombe inakwama. Maandishi hayo, yaliyobuniwa na Wabeladio Payi mwaka 1978 huko Kongo ya Kati na kufundishwa na Kanisa la Kimbangu, bado hayamo katika Unicode. Adlam, maandishi ya Kifulani yaliyobuniwa na ndugu wawili wa Guinea, yaliingia mwaka 2016. Inawezekana, ila watumiaji wanapaswa kupeleka ushahidi na kusukuma faili kwa miaka.

Sharti la pili ni usalama. Herufi ɛ ya Lingala inafanana sana na epsilon ya Kigiriki, na «a» ya Kirusi haitofautiki kwa macho na ya kwetu. Mwaka 2017, mtafiti mmoja alionyesha anwani iliyosomeka kama apple.com, kumbe ilikuwa na herufi za Kisiriliki tupu. Kwa nchi ambayo watu wengi wanatuma feza kwa simu, ulegevu hapo ungefungulia wezi mlango. Ndiyo maana wataalamu wa kila aina ya maandishi wanapanga herufi zipi zinaruhusiwa, na zipi zinazofanana haziwezi kupewa watu wawili tofauti.

Sharti la tatu haliko mikononi mwa ICANN: programu zikubali. Fomu nyingi za benki na za ofisi bado zinakataa anwani ya barua pepe yenye herufi isiyo ya kawaida, ingawa kanuni za kiufundi zake zipo tangu 2012.

Halafu kuna bei. Ombi moja la kikoa kipya linagharimu dola 227,000. Mpango wa kusaidia wenye uwezo mdogo, uliopokea maombi hadi 2025, unapunguza kati ya 75 na 85 kwa mia, lakini hata kinachobaki ni kingi kwa shirika la Kinshasa au Kisangani.

Kwa hiyo Kongo haina haja ya kuanzia kwenye kikoa cha bei hiyo. Hatua za karibu ni mbili: wanaosimamia .cd waweke wazi kama jina lenye ɛ au ɔ linaweza kusajiliwa, na kwa masharti gani. Na walimu wa Mandombe pamoja na wataalamu wa lugha wa vyuo vikuu wasukume faili la Unicode. Bila hilo la pili, Mandombe haiwezi hata kuandikwa katika ujumbe wa simu, sembuse katika anwani.