Awara mnailia, kijana wa watu mnamkataa!

Jamaa zangu wa Unguja, na nyinyi mlioko Dar na Mombasa. Nimekuwa kimya, kazi za kiwandani hapa Rusayl zimenibana kweli kweli. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira kidogo... mtanisamehe.

Ijumaa tulikaa chumbani watu wanne: mimi, fundi mmoja Mhindi, dereva wa Kipakistani, na mzee wa Kiomani aliyezaliwa Unguja. Tukaangalia Awara kwenye kompyuta. Picha ya mwaka 1951, nyeusi na nyeupe, karibu saa tatu, na hakuna aliyeinuka ila kwa sala! Yule mzee anaziimba nyimbo zote, na Kihindi hajui.

Wadogo zangu nikiwahadithia wananicheka. Ati picha za mababu, zinapendwa kwa nyimbo tu. Sikubali! Picha ngapi za Kihindi zilikuwa na nyimbo tamu na leo hakuna anayezikumbuka? Awara inaishi kwa sababu inauliza swali ambalo sisi bado tunalikimbia: mtoto wa mwizi lazima awe mwizi?

Kwa wasioijua: Jaji Raghunath anaamini hivyo. Kwa imani hiyo anamfunga Jagga bila ushahidi wa maana, kwa sababu tu baba yake alikuwa mhalifu. Jagga akitoka anamteka mke wa jaji kulipa kisasi. Mke anarudi ana mimba, jaji anaishuku, anamfukuza. Mtoto, Raj, anakulia kwenye umasikini wa Bombay, na Jagga yule yule anamfunza wizi. Kwa hiyo mwizi ni mtoto wa jaji mwenyewe! Na waliocheza jaji na Raj ni baba na mwana kweli, Prithviraj na Raj Kapoor.

Halafu kuna Rita, yaani Nargis. Anamjua Raj ni mwizi na bado anampenda, lakini hausifu wizi wake. Anasimama mahakamani kumtetea. Raj anafungwa miaka 3, na Rita anaahidi kumngoja. Basi, ndiyo imekwisha. Ukiondoa ile ndoto yenye mawingu, hakuna makubwa ya kushangaza macho. Ni watu wanatazamana na kuamua kuaminiana au kutoaminiana.

Sasa nije kwenu wazee wangu. Nyinyi ndio mliojazana Majestic na Empire kuangalia picha za Kihindi. Mwanahistoria Laura Fair, aliyetoa kitabu mwaka 2018 juu ya sinema za Tanzania, aliwasikiliza watu wa umri wenu, na Awara ni katika picha walizozikumbuka kwa mapenzi. Bibi mwenyewe ameniambia mara ngapi alivyolia!

Juzi napigiwa simu, naambiwa posa imekataliwa. Kijana ana kazi, anasali, hana ugomvi na mtu. Kosa lake? Baba yake aliwahi kufungwa. Kijana wakati huo hata skuli hajaanza! Simtaji mtu, mwenyewe anajijua.

Najua jibu lenu: damu ni damu, na binti ni wetu tunamhofia. Kumhofia ni haki yenu. Kuchunguza tabia ya mposaji ni wajibu wa wazazi, hilo silipingi. Lakini mlimchunguza yeye? Mliuliza kazini kwake, kwa majirani, msikitini? Hapana. Mliuliza baba ni nani, mkafunga faili. Jaji Raghunath hasa! Wala siwasifu wa huku, maana hapa Oman nako wapo wanaouliza kabila kabla ya kuuliza tabia.

Tulimzomea jaji kwenye picha kwa sababu alikuwa mbali, Bombay. Akiwa barazani kwetu tunamwita mwenye busara. Hiyo siyo haki, jamani!

Ombi langu ni moja. Muiteni yule kijana, mkae naye, mumsikilize. Mkimwona hafai kwa matendo yake, mimi nitanyamaza. Nikija likizo ya Idi naileta Awara kwenye flashi, tutaiangalia sote. Anayeona jaji alikuwa na haki, asimame aseme mbele ya Bibi.

Wasalaam, mtoto wenu wa Rusayl.