Ada ya Kutiliwa Shaka

Mlango ni haki ya mwenye nyumba. Hapana mtu mwenye akili timamu awezaye kubisha kwamba dola ina uwezo wa kuuliza ni nani aingiaye, kwa siku ngapi na kwa haja gani. Waswahili wenyewe walihesabu siku za mgeni, wakasema ya tatu apewe jembe. Walakini jembe hilo hupewa mtu aliyekwisha kuingia, akala, akalala. Viza ya utalii ya nchi za Schengen humpa mtu jembe angali kwao, kisha humtoza fedha kwa kulishika.

Mwalimu wa Tanga au mfanyabiashara wa Kisumu atakaye kuiona Roma kwa siku 10 huanza safari yake kwa kukusanya karatasi: pasi itakayodumu miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, uthibitisho wa malazi, hesabu za benki, barua ya mwajiri. Hutoa na alama za vidole vyake 10. Katika miji mingi karatasi hizo hupokewa na kampuni ya wakala, ambayo hutoza ada yake yenyewe na haina neno katika uamuzi. Katika hayo, mengi hayastahili lawama. Bima ina maana. Zanzibar nayo tangu Oktoba 2024 humdai mgeni bima ya dola 44, na hapana aliyetukanwa kwa hilo. Fedha za kujikimu nazo ni swali la haki.

Dhuluma i katika swali la mwisho. Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya, iliyotungwa mwaka 2009, yasema katika kifungu cha 32 kuwa ombi litakataliwa ikiwa pana shaka ya maana juu ya nia ya mwombaji ya kuondoka kabla viza haijaisha. Desemba 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilieleza kwamba afisa hahitaji kuwa na yakini ya nia hiyo; alitazamalo ni kama shaka ya maana ipo au haipo. Lakini nia ni kitu cha moyoni, na kurudi ni tendo ambalo halijatendwa. Afisa hawezi kuliona lo lote katika hayo mawili. Kwa hiyo hutazama yaonekanayo: mshahara, nyumba, ndoa, viza za zamani. Mama ntilie wa Kariakoo, ambaye wateja wake humngoja kila alfajiri na mtaji wake wote umo katika masufuria, ana sababu ya kurudi kuliko karani wa ofisi mwenye likizo. Walakini biashara yake ni ya fedha taslimu, wala masufuria hayatoi barua. Kipimo kinachoitwa cha nia kimekuwa kipimo cha mali, na cha mali iliyoandikwa tu.

Wako wasomi wa Afrika Mashariki wasemao kuwa manung'uniko haya ni ya wavivu, kwani mwenye karatasi kamili hakataliwi. Hiyo ni kauli ya raha, na aghalabu hutoka kwa mtu mwenye barua ya chuo kikuu mkononi na viza tatu za zamani katika pasi yake. Karatasi kamili husaidia, hapana ubishi. Lakini kifungu hakikusema karatasi peke yake, kimesema nia. Na shaka ya afisa ina ndugu zake huku nyumbani. Kamusi humwita mtalii mtu asafiriye kwa kutazama, bali katika mazungumzo ya mtaani mtalii ni Mzungu ashukaye katika ndege. Mswahili apandaye ndege hiyo hiyo huulizwa na jirani zake anakwenda kufanya kazi gani.

Wengine hutamani zamani, wakimtaja Selim bin Abakari, Mkomoro, aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896. Habari yake imo katika Safari za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1901. Mfano huo hauwasaidii. Selim alikwenda akiwa mtumishi wa Mjerumani, na milango ilifunguka kwa jina la bwana wake. Leo mwombaji ambaye mshahara wake hautoshi hushauriwa atafute mwenyeji wa Ulaya wa kumdhamini. Zaidi ya miaka 120 imepita, na neno la bwana lingali zito kuliko neno la msafiri.

Sasa ada. Ilikuwa euro 60. Februari 2020 ikawa 80. Juni 2024 ikawa 90. Kanuni yataja hali chache za kuirudisha, kama vile ombi lisilopokewa kwa ukaguzi; kukataliwa si mojawapo. Husemwa kuwa ni ujira wa kazi ya kukagua. Na iwe. Fundi cherehani aliyeharibu kanzu huenda akadai ujira wake, lakini humwonyesha mteja mahali mkasi ulipopotea. Aliyekataliwa viza hupewa fomu yenye sababu zilizochapwa tayari, moja imetiwa alama. Ikiwa alama ni ya nia, hajui kama kosa lilikuwa umri wake, benki yake au useja wake. Rufani ipo, kwa sheria ya nchi iliyomkataa. Lakini ni nani atakayeajiri wakili Ulaya kwa ajili ya matembezi ya siku 10?

Tanzania humpokea mtalii wa Ulaya kwa dola 50, wala haimwulizi barua ya mwajiri. Haifai ilipize kisasi kwa kuanza kuiuliza. Lakini serikali za Afrika Mashariki zina haki ya kudai jambo moja dogo mezani: kwamba raia wao atiliwaye shaka ya nia aambiwe kwa maandishi ni kitu gani kilichoizaa shaka hiyo, na apewe siku 15 za kujibu kabla ya uamuzi, kwa ada ile ile aliyokwisha kulipa.