Taa Kuwaka Si Hoja, Kinyonga Anataka UVB

Kinyonga wa Jackson, yule ambaye dume lake lina pembe tatu usoni, asili yake ni huku kwetu nyanda za juu. Mwaka wa 1972 baadhi yao walipelekwa Hawaii kuuzwa, na hadi leo kuna watu Marekani wanaowafuga sebuleni. Kama uko huko na unaye, au una binamu anayeposti picha za wake kila wiki, sikiza.

Kumweka dirishani hakutoshi. Kioo huzuia miale ya UVB, na bila hiyo mwili wake hautengenezi vitamini D3, kalsiamu haifyonzwi, mifupa inalainika, miguu inapinda. Balbu ya kawaida nayo ni urembo tu.

Nunua tyubu ndefu ya UVB. Iwake kama masaa 12, usiku uizime. Sasa hapa ndipo wengi hupotea: tyubu ikizeeka huendelea kung'aa fiti kabisa ilhali UVB imepungua sana, na jicho lako haliwezi kuona tofauti. Andika tarehe juu yake, ubadilishe angalau kila mwaka. Usiiweke karibu sana pia, itamchoma macho na ngozi. Mwachie majani ya kujifichia. Na kama huna hela ya tyubu ya pili, usinunue kinyonga.