Mzee wa Kagera haombi sadaka

Mwandishi mmoja ametuambia kwamba askari mstaafu anayedai fidia kwa kuharibiwa na tiba ya hospitali ya serikali anawanyang'anya wagonjwa wengine dawa, tena ametibiwa bure. Maneno mazito, ila shabaha imekosa. Mwaka 2007, pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, wagonjwa wawili waliofanana jina la kwanza walibadilishiwa upasuaji: mwenye goti bovu akapasuliwa kichwa, mwenye maradhi ya kichwa akapasuliwa goti. Hapo nani alimnyang'anya nani? Na huo ubure unamruhusu nani kukata pasipohusika?

Eti mwandishi huyo anaogopa madai yatamiminika! Hebu amfuate askari kama huyo, mzee wa Rudewa, Kilosa, aliyepigana vita vya Kagera, 1978–79. Kwanza mzee apate nakala ya jalada lake, ambalo linatunzwa na hospitali ileile anayoilalamikia. Kisha notisi ya siku 90 kwa serikali, nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Halafu Mahakama Kuu, si ile ya mwanzo. Daktari wa kusimama kizimbani aseme mwenzake alizembea atamtoa wapi, Kilosa? Huku anahangaika, miaka 3 ya sheria ya ukomo inahesabika.