Mtoto wako anajibiwa na nani?

1

Leo nesi wenu sijaja na ratiba ya chanjo wala uji wa lishe. Nimekuja na ugomvi, na ugomvi wenyewe naanza na mimi mwenyewe. Uzi ni mrefu, tenga chai.

Siku ya kliniki amekuja mama mmoja na mtoto wa miaka miwili na miezi minne (ameniruhusu nisimulie, jina abaki nalo). Kadi safi, uzito uko kwenye kijani, chanjo zote kapata. Nikamuuliza mtoto jina lake. Kimya. Nikamuuliza mama, "Anaongea?" Mama akacheka: "Nesi, huyu nyumbani anaongea Kizungu!" Akatoa roboti kwenye mkoba, nyeupe, urefu wa chupa ya chai. Akaiwasha. Mtoto akasema, "Helo roboti. Densi." Roboti ikawasha macho ya bluu ikaanza kuzunguka. Benchi zima likapiga makofi.

Mimi sikupiga. Nilikuwa nimeshika kadi ya mtoto, najisikia aibu, maana roboti ya namna hiyo hiyo ipo kwangu, juu ya kabati.

2

Ya kwangu aliileta kaka yangu, kaitoa Kariakoo. Zawadi ya mjomba, unaikataaje? Mwanangu ana miaka mitatu. Wiki ya kwanza nilifurahi kweli kweli. Napika, anaongea na roboti. Nafua, anaongea na roboti. Narudi zamu ya usiku nimechoka, nalala, yeye na roboti wake. Nikasema Mungu amenipa hausigeli asiyekula.

Ila ile roboti inasikia Kiingereza tu, cha kuamrisha. Mwanangu aliiambia "njoo", ikatulia. Akaiambia "cheza", ikatulia. Aliposema "densi", ikacheza. Sasa fikiria wewe ni mtoto wa miaka mitatu, umefundishwa nini hapo? Umefundishwa kwamba maneno ya mama yako hayafanyi kazi.

Kisha ikaja ile asubuhi. Mama mkwe wangu, tunaishi naye, alimsalimia mjukuu: "Mwangaluka." Mtoto hakugeuka. Bibi akarudia. Mtoto akamnyooshea kidole: "Stopu!" Kama anavyoiambia roboti.

Bibi hakugomba. Alisema tu, "Hiki kitu kinamtii mtoto. Nani aliwahi kulelewa na anayemtii?"

Roboti ikapanda juu ya kabati siku hiyo hiyo.

3

Sasa tuongee kinesi kidogo, maana najua mtasema ni ushamba wa bibi na mkwe wake.

Watu wengi wanadhani mtoto anajifunza kuongea kwa kusikia maneno mengi. Ingekuwa hivyo, redio ingetulelea watoto wote. Mtoto anajifunza kwa KUJIBIWA. Anasema "ba", unasema "ee, baba ameenda shamba". Anaonyesha kuku, unasema "kuku huyo, anakula nini?" Anakutazama machoni, unamtazama. Anasubiri, unasubiri.

Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake, Marekani, walichukua watoto wa miezi 9 wa nyumba za Kiingereza wakawasikilizisha Kichina kwa vipindi 12. Kundi moja walicheza na kusomewa na mtu hai. Kundi lingine walimwona mtu yule yule kwenye video, wengine wakasikia sauti yake tu. Mwisho walipopimwa, waliokaa na mtu walizitambua sauti za Kichina. Wa video na wa sauti tupu hawakupata kitu. Maneno yale yale, mtu hayupo, hakuna somo.

Mwingine, Anna Sosa, mwaka 2015 alichunguza familia 26 zenye watoto wa miezi 10 hadi 16. Aliwapa vitabu, vitu vya kawaida vya kuchezea kama vipande vya mbao, na vile vya umeme vinavyoongea na kuimba. Vile vya umeme vilipokuwa vinapiga kelele, WAZAZI ndio walionyamaza. Walisema maneno machache, walijibizana na watoto mara chache. Yaani kile kitu kinaongea, mama anakiachia uwanja.

Hapo nilijiona mimi na sufuria zangu.

Tuelewane. Sisemi roboti ndiyo iliyomchelewesha yule mtoto wa kliniki. Kuchelewa kuongea kuna sababu nyingi, na ya kwanza kupima ni masikio. Nimemwandikia rufaa akapimwe. Ninachosema ni kwamba roboti ilifanya nyumba nzima isione kwamba mtoto amechelewa. Makofi yalificha ukimya.

4

Sisi Tura tunajua wageni. Wazee wanasema jina lenyewe ni "tua", tua mzigo. Misafara ya pwani iliyokuwa inavuka Mgunda Mkali kwenda Unyanyembe, hapa ndipo ilipoingia Unyamwezi, wapagazi wakashusha mizigo. Na mgeni akiingia kwako, hata leo, unamuuliza: unatoka wapi? Unaelekea wapi? Umebeba nini?

Roboti imeingia chumbani kwa mtoto, haijaulizwa hata moja. Tuiulize.

UNATOKA WAPI? Nyingi hazina hata jina la aliyezitengeneza linalosomeka kwenye boksi. Ikiharibika, ikimuumiza mtoto, utamlalamikia nani?

UNAELEKEA WAPI? Hapa ndo penyewe. Hizi za bei ndogo zinazocheza densi kwa amri, kama ya kwangu, hazina intaneti, zinasikia maneno machache basi. Lakini zinakuja zile za kuunganisha na simu au waifai, zinazoongea kama mtu. Zile, sauti ya mwanao inasafiri. Inaenda kwenye kompyuta za kampuni nchi nyingine, huko ndiko jibu linakotoka.

Msiniambie natunga. Februari 2017 serikali ya Ujerumani ilipiga marufuku mdoli mmoja anayeongea, My Friend Cayla, ikamhesabu kuwa ni kifaa cha kupeleleza kwa siri. Mtu aliye karibu angeweza kujiunganisha naye kwa bluutuu akamsikiliza mtoto na kumsemesha. Wazazi waliambiwa wamharibu. Mwaka huo huo iligundulika kwamba wanasesere wa CloudPets wa Marekani, waliokuwa wanabeba salamu za sauti kati ya mzazi na mtoto, rekodi zao zaidi ya milioni 2 zilikuwa zimeachwa wazi mtandaoni.

Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, ina Tume yake, na taarifa za watoto imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Ni jambo zuri. Lakini sauti ikishatoka Tura ikavuka bahari, wewe mama utaifuata na basi gani? Mlinzi wa kwanza ni wewe, mlangoni.

5

Bado hapo hapo kwenye "unaelekea wapi". Kuna roboti aliitwa Moxie, Marekani, wa kuwafariji watoto na kuwafundisha kueleza hisia. Dola 799. Watoto wakampenda kama ndugu. Desemba 2024 kampuni ikaishiwa pesa, ikatangaza inafunga, na Moxie akili zake ziko kwenye kompyuta za kampuni, kwa hiyo naye basi. Wazazi wakabaki kuwaeleza watoto wanaolia kwa nini rafiki yao ananyamaza.

Na Novemba 2025, dubu wa kuongea aitwaye Kumma aliondolewa sokoni kwa muda baada ya wakaguzi wa shirika la kutetea walaji la Marekani kumkuta anaeleza zinakopatikana visu na kiberiti, na anajibu mambo ya kitandani ya watu wazima. Mdoli wa mtoto!

Bibi akizeeka anakuaga. Shangazi akihama anapiga simu. Kampuni ikifilisika haimuagi mwanao.

6

UMEBEBA NINI? Hili hata kama mengine yote unayapinga, lisome mara mbili.

Baadhi ya roboti, na rimoti zake, zimebeba betri bapa za duara kama sarafu. Mtoto akiimeza ikanasa kooni, ndani ya saa 2 tu inaweza kuunguza nyama za koo. Dalili zinafanana na mafua: anakohoa, anatoa udenda, anakataa kula. Mama anadhani kifua.

Ukihisi amemeza:
• Usimtapishe. Usimpe chakula wala kinywaji.
• Nenda hospitali yenye eksirei SASA HIVI. Usisubiri kesho.
• Kama ana zaidi ya mwaka 1, anameza vizuri, na hazijapita saa 12, mpe asali mkiwa njiani: vijiko 2 vya chai kila dakika 10, isizidi mara 6. Asali inapunguza kasi ya kuungua. Haitoi betri, haichukui nafasi ya hospitali, na kama haipo karibu usipoteze muda kuitafuta.
• Chini ya mwaka 1, asali HAPANA.
• Betri ikiwa puani au sikioni, usiweke kitu chochote. Hospitali haraka.

Kifuniko cha betri kisicho na skrubu, hicho kitu hakifai nyumba yenye mtoto. Asali ya Tabora tunaisifia kwa wageni, basi chupa moja ikae ndani.

7

Najua majibu yenu, nimeyasikia kwenye benchi.

"Nesi unapinga maendeleo." Nasoma ripoti kwenye simu, mizani ya kliniki ni ya umeme, mimi si wa kupinga. Napinga kuita maendeleo kitu kinachomnyamazisha mtu.

"Mtoto anajifunza Kiingereza." Maneno nane ya kuamrisha mashine si Kiingereza. Mtoto mwenye Kiswahili kilichojaa, na Kinyamwezi cha bibi yake, akifika shule ana pa kukishikiza Kiingereza. Asiye na lugha hata moja atakishikiza wapi?

"Sina muda, nina tumbaku." Hili nalipa heshima. Najua msimu wa bani, najua mama anaamka saa kumi usiku. Lakini sikuombi muda mpya. Unachambua tumbaku, mweke karibu mhesabu majani. Unamenya viazi vya michembe, mwulize kipi kikubwa. Unabeba maji, yeye na kikopo chake, muongee njiani. Ni kazi ile ile, umeongeza mdomo tu.

Na nyie akina baba mlio Dar, Kahama, Muscat: hili si la mama peke yake. Mnatuma roboti kwa sababu mnampenda mtoto na hampo. Naelewa. Ila kabla ya roboti, tuma muda wa maongezi. Piga jioni, ongea NAYE, mwulize amekula nini, subiri ajibu hata kama ni "ba ba ba". Simu ile ni mashine pia, lakini upande wa pili kuna mtu.

8

Kama ipo nyumbani tayari, hujatenda dhambi. Fanya hivi:

• Kabla ya miaka miwili, isikae kabisa na mtoto. Baada ya hapo, icheze mkiwa wote, kwa muda mfupi, kisha zima.
• Isilale chumbani kwa mtoto. Ikiwa ya intaneti, izime intaneti, na usiandikishe jina, picha wala tarehe ya kuzaliwa.
• Kagua kifuniko cha betri leo, sio Jumapili.
• Angalia mtoto, usiangalie roboti. Mwaka 1: anageuka ukimwita? Ana walau neno moja? Miaka 2: anaunganisha maneno mawili, "mama njoo"? Kama bado, njoo kliniki. Hakuna atakayekucheka, na tukiwahi tunasaidia.

Kwangu imepita miezi miwili. Siku tatu za mwanzo mwanangu alililia kabati, sitawadanganya. Siku ya nne akamfuata bibi uani. Bibi hamtii hata kidogo: anamkatalia, anamtuma, anamuuliza maswali bila kumaliza. Juzi asubuhi nimetoka zamu, nafungua mlango, nikasikia sauti ndogo imetangulia: "Mwangaluka, mama."

Nilikuwa nimechoka nisiweze kusimama. Nikakaa chini pale pale mlangoni, nikamjibu.

Mtumie uzi huu mwenye mtoto mdogo, na mtumie yule mjomba anayepanga zawadi. Wenye maswali ya betri na ya kuongea, niandikieni hapa chini, nikitoka zamu najibu. Uji wa lishe Ijumaa.