JINA KUBWA SIYO THAMANI: PIGA HESABU KABLA HUJANUNUA HISA



Msimu wa kahawa ukiisha, hela inakuwepo kidogo huku kwetu Maguu, na maneno ya hisa yanaanza: "Nunua za kampuni ya simu, ile ni kubwa, huwezi kupata hasara." Mimi sipingi hisa. Ninachopinga ni kununua jina.

Mtu akikuuzia mashine ya kusaga kwa milioni 8, huulizi inajulikana kiasi gani. Unauliza kwa mwaka, ukitoa umeme, hela ya kijana na vipuri, inabaki ngapi? Ikibaki milioni 1, hela yako inarudi baada ya miaka 8. Kampuni ya simu ni hivyo hivyo, zimeongezeka sifuri tu.

Chukua Vodacom Tanzania. Mwaka 2017 iliuza hisa milioni 560 kwa sh. 850 kila moja. Hizo ni asilimia 25 tu, zote ni bilioni 2.24. Zidisha kwa 850: kampuni nzima iliwekewa bei ya trilioni 1.9. Ili hiyo hela irudi kwa miaka 10, lazima ibaki faida ya bilioni 190 kila mwaka, kodi ikishatoka. Je, ilikuwa inabaki hiyo? Hilo ndilo swali, siyo ina minara mingapi.

Baadaye bei sokoni ilishuka chini ya 850, na mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 kampuni ikatangaza hasara. Jina lilikuwa lile lile.

Utaniambia, mbona Safaricom ya Kenya? Kweli, 2008 hisa iliuzwa shilingi 5 za Kenya, na 2021 ikapita 40. Lakini aliyenunua kwa 40 aliiona 2023 iko chini ya 20. Kampuni moja, M-Pesa ile ile. Mmoja kacheka, mwingine kalia, tofauti ni bei aliyonunulia.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Tafuta hesabu za kampuni za miaka 5, zinatangazwa wazi. Jumlisha faida, toa hasara, gawa kwa 5. Usidanganyike na mwaka mmoja mzuri.
2. Gawa kwa idadi ya hisa zote, halafu zidisha kwa miaka unayokubali kusubiri hela yako. Hapo umepata makadirio ya thamani yake.
3. Ukipata 600, usinunue kwa 600. Subiri 450. Laki ya miaka 10 ijayo siyo laki ya leo, na serikali ikileta tozo mpya, hesabu inabadilika. Mawakala mnakumbuka Julai 2021.

Na hela ya kurudisha mzigo dukani isiguswe. Hisa ni za hela inayoweza kulala.

Wewe unaonaje? Tuandikie hapo chini.