WAZEE SI WA KUOMBA DUA TU

Katika pwani yetu hii, toka Somanga mpaka Kivinje, Masoko, Mchinga na Lindi mjini, ni nadra mkutano wa siasa kufunguliwa bila mzee. Mzee huitwa mbele, hupewa kiti, huomba dua, na watu wote huitikia amina. Kisha huambiwa, "Ahsante sana mzee wetu, kaa upumzike." Baada ya hapo vijana husema saa mbili au tatu, na yule mzee haulizwi neno hata moja. Sisi tunaofanya kazi ya chama katika matawi twalijua jambo hili vizuri, maana viti hivyo ndio sisi tunaovipanga. Leo twataka kusema wazi kwamba heshima ya namna hii haitoshi.

Kwanza yafaa tujue tunasema habari za nani. Kwa sheria ya kazi ya Serikali, mtu aweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akifika 60. Huyo hupewa barua, hupewa kiinua mgongo, na kila mwezi hupata pensheni yake. Lakini katika wilaya zetu watu wa namna hiyo ni wachache. Walio wengi ni wavuvi, wakwezi wa minazi, wakulima wa ufuta, mihogo na korosho, na akina mama waliosuka mikeka na majamvi maisha yao yote. Hao hakuna aliyewapa barua. Mvuvi hustaafu siku mgongo unapokataa kuvuta nyavu, na toka siku hiyo hana mshahara wala pensheni, ana wanawe na Mungu wake.

Tena tukumbuke wazee hawa walifanya nini. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, ndio waliokaa katika vikundi kusikiliza redio, wakatoka na majembe kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Wakati wa kuhamia vijijini ndio waliobeba milango na mabati vichwani. Mwaka 1977, Serikali ilipotaka kila mtoto aingie shule, vijana waliomaliza darasa la saba waliitwa kuwa walimu. Walifundisha asubuhi, wakajifunza ualimu jioni, na wengine walifundisha chini ya mwembe. Walimu hao leo ndio wastaafu. Sisi tuliopita katika vyuo vya ualimu tulifika huko kwa sababu wao walitushika mkono kuandika herufi ya kwanza.

Sasa tutazame siku moja ya mwalimu mstaafu wa huku kwetu. Huamka alfajiri, akaswali, akapitia minazi yake michache kabla jua halijawa kali. Pensheni yake si kubwa. Mwaka 2015 kima cha chini kwa wastaafu wa Serikali kilipandishwa toka shilingi 50,114 hadi kama laki moja kwa mwezi, na watu wakashangilia. Lakini pensheni hiyo hailiwi na mtu mmoja. Mna wajukuu wanaotaka madaftari, mna mama mtu anayetaka dawa, mna na mwana aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi akarudi mikono mitupu. Jioni mzee hukaa barazani na wenziwe, kahawa na bao, na hapo ndipo siasa ya kweli ya mji husemwa. Juu ya hayo yote, mara kwa mara hutakiwa kuhakikiwa kwamba angali hai ili pensheni isikatwe. Hatupingi kuhakiki, maana fedha ya umma yataka kulindwa. Twasema tu kwamba anayemtaka mzee wa miaka 80 athibitishe uhai wake yafaa amfuate alipo.

Tuje katika afya. Maradhi ya wazee wa pwani hii yajulikana: shinikizo la damu, kisukari, mtoto wa jicho, maumivu ya viungo, na lile ambalo wengi huona haya kulitaja, matende na mabusha. Haya ya mwisho huletwa na mbu, wala si kulogwa, wala si laana. Busha hutibika kwa kupasuliwa. Mtoto wa jicho naye huondolewa kwa operesheni fupi, na mtu akaona tena. Wako wazee wanaokaa gizani miaka mingi kwa kukosa mtu wa kuwaambia hivyo na nauli ya kuwafikisha hospitali. Kilwa twayo hospitali ya wilaya, Kinyonga, pale Kivinje. Na Lindi iko hospitali ya mkoa, Sokoine. Lakini mgonjwa wa Songo Mnara au Kilwa Kisiwani huanza safari yake katika chombo, na bahari haimwulizi mtu umri wake. Mwezi Mei mwaka 2024, mvua kubwa na kimbunga Hidaya zilipobomoa barabara upande wa Somanga, njia ya Dar es Salaam ilikatika siku kadhaa. Kila mtu aliona taabu, lakini mwenye dawa ya kumeza kila siku ndiye aliyehesabu vidonge vyake kwa hofu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka kwamba wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Ni neno zuri, na walioliandika twawashukuru. Lakini mzee aweza kuwa na kitambulisho cha matibabu mfukoni, akapokelewa vizuri, akapimwa, kisha akaambiwa dawa hakuna, akanunue dukani. Hapo matibabu ya bure yamekuwa wapi? Mtu aliyeandikiwa dawa ya presha hawezi kuimeza ile karatasi.

Wako watakaotujibu kwamba Serikali haina fedha. Twawauliza hivi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, maana bahari ilikuwa inazila kuta. Fedha zikatafutwa, mafundi wakaja, kazi ikafanyika, na mwaka 2014 yakatolewa katika hatari. Ilikuwa kazi njema, na sisi wa Kilwa twajivunia. Lakini ikiwa kuta za masultani waliokufa karne nyingi zilizopita zimepata wa kuzitetea, wazee walio hai wakosewe nini?

Tena watazame ng'ambo ya maji. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Kweli, Unguja na Pemba ni ndogo, na Bara ni kubwa. Lakini ukubwa wa nchi ni sababu ya kwenda hatua kwa hatua, si sababu ya kukaa kitako. Na hata katika halmashauri zetu iko njia. Sheria imeagiza asilimia kumi ya mapato ya ndani itengwe kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, na mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni haki yao. Mzee hakutajwa, na hatusemi akopeshwe fedha za biashara. Twasema madiwani waweke fungu lake la dawa na la nauli ya wagonjwa wa visiwani, lionekane katika bajeti kwa jina lake.

Wengine husema kumtunza mzee ni kazi ya wanawe. Ni kweli, na asiyemtunza mzazi wake hana radhi. Lakini mtoto aweza kumnunulia mama yake unga na kanga. Hawezi kumletea daktari wa macho Kilwa, wala kuijaza dawa zahanati ya kijiji. Hayo ni ya umma.

Na siasa je? Wazee tunaokaa nao barazani hawatuombi vyeo. Wanalosema ni hili: mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa kanuni hukutana kila miezi mitatu, mahali pengine hupita mwaka haujaitwa, na mapato na matumizi hayasomwi. Mzee anakumbuka mipaka ya mashamba, anakumbuka kisima kilichimbwa kwa nguvu za nani, na anakumbuka ahadi ya kila mgombea. Wenyeviti waliochaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 watakaa miaka mitano. Wakingoja mpaka siku za kampeni ndipo wawakumbuke wazee kwa kofia na kanga, wajue kwamba wazee wanahesabu. Wahenga walinena, penye wazee haliharibiki neno. Hawakusema penye dua ya wazee. Walisema penye wazee wenyewe, wakiwapo, wakisikilizwa.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, twaomba kila tawi lifanye mambo matatu kabla ya mkutano mkuu ujao wa kijiji chake. Kwanza, vijana wapite nyumba kwa nyumba na daftari, waandike wazee wote wa miaka 60 na zaidi: nani ana kitambulisho cha matibabu na nani hana, nani haoni, nani ana busha analolificha. Pili, daftari hilo lipelekwe kwa mtendaji wa kijiji na kwa mganga wa zahanati, na liulizwe mbele ya watu: wazee wangapi wamepewa kadi, na dawa ya presha ilikosekana siku ngapi? Tatu, katika kila mkutano wetu, mzee akimaliza dua asikalishwe. Apewe nafasi ya kusema la kwake, nasi wapangaji wa viti tukae tumsikilize, hata akitusema sisi.

Kazi hii haitaki fedha nyingi. Yataka daftari, kalamu na miguu ya vijana, navyo vyote vitatu tunavyo.